Mwaka wa Kuazima

Usiniulize panauma wapi, daktari.
Niulize ghorofa ya ngapi.
Kiuno changu nilikiacha Mtaa wa Chonkadze,
penye kona ya ngazi, baina ya ya tatu na ya nne,
pale piano ya mjane Tamriko ilipokataa kupinda
na Gocha, aliyeshika upande wa chini, akapiga chafya.

Chafya moja.
Kilo mia mbili na themanini za mbao na chuma
zikanikalia kama mkwe asiyebisha hodi.

Miaka tisa sasa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu nilimpa, naye akalima.
Akalima kiuno, akavuka nyonga,
akashuka nyuma ya paja la kushoto
akichimba mtaro hadi kidole cha mwisho,
na kila alfajiri huumwagilia.

Tumejaribu. Mkanda wa manyoya ya mbwa
aliousuka Nanuli, unanuka mvua ikinyesha.
Maji ya kiberiti ya Abanotubani. Sindano za makalio.
Godoro gumu, kisha sakafu.
Jirani yangu Vazha akasema ni dhambi za ujana.
Nikamjibu, zangu hazikuwa na uzito huo.

Leo nimelala kifudifudi, mto chini ya tumbo,
mashine ya eksirei imeniinamia
kama korongo aliyeona kitu majini.
Daktari Tsiala ana sauti ya mtu aliyezoea kusubiri.
"Napitisha umeme kidogo. Sema ukiusikia."

Hapa? Hapana.
Hapa? Mguu ukaruka bila kuniomba ruhusa.
"Huo ni wa kutembelea," akasema, "huo tunauacha."
Akarudi nyuma, unene wa ukucha.
Hapa?

Hapo.
Maumivu yangu yenyewe, nayajua kwa hatua zake,
lakini madogo, yenye adabu,
yamevua viatu mlangoni.

Nikamkumbuka Otari, mrekebisha piano,
alivyokuwa akigonga kitufe kimoja, kimoja tu,
hadi mtoto wa nyumba alie na mbwa atoke nje,
akitafuta waya mmoja kati ya mia mbili na ushei.
Tulimcheka, sisi wabebaji. Tulikuwa na migongo.

Ganzi ikaingia. Kisha:
"Digrii themanini. Sekunde tisini."
Chai ya Nanuli ni moto kuliko hiyo.
Nilingojea harufu ya nywele zilizoungua; haikuja.
Mashine ikawa inahesabu kwa mlio wake,
nami nikahesabu ngazi.
Ngazi za Chonkadze ni themanini na nane.
Sekunde mbili za mwisho
nilisimama mlangoni kwa Tamriko
sina kitu mgongoni.

Neva ya mguu hawakuichoma.
Waliibembeleza kwa mapigo, digrii arobaini na mbili,
homa ya mtoto mkaidi, hadi ikapunguza kelele.

"Haijafa," daktari akaniambia nikifunga mkanda.
"Zile nilizochoma zitaota tena.
Miezi tisa. Mwaka. Pengine zaidi.
Zikiota, utanijua, nami nitakujua."

Wiki ya kwanza iliuma zaidi, nikamlaani kwa jina la baba yake.
Ya pili, nikanyamaza nikisikiliza.
Ya tatu, asubuhi ya Jumanne,
nilivaa soksi ya kushoto nimesimama.
Nanuli aliona. Akaendelea kumenya viazi,
ila polepole.

Mtu akiazimwa mwaka, anaupeleka wapi?
Mimi niliupeleka Chonkadze, mikono mitupu,
nikipumzika pale kwenye kona bila sababu.
Tamriko alishafariki. Mjukuu wake akanifungulia.
Piano ipo, juu yake nguo za kupigwa pasi.
"Hakuna anayeicheza," akasema, "na hakuna wa kuishusha."
Akanitazama mabega.

Nikabonyeza kitufe kimoja, cha katikati.
Kimelegea.
Nikakibonyeza tena.